Meya wa Lubumbashi: nani humchagua, na kazi yake inaishia wapi?

Kila mara tarehe ya uchaguzi wa meya inapotajwa, kisha ikasogezwa mbele, maneno ya mitaani Lubumbashi huwa ni yale yale. Majina yanaanza kuzunguka. Huyu ana malori, yule alikuwa mbunge, wa tatu ni mtoto wa hapa. Katika taksibasi ya kwenda Ruashi mtu anaapa kwamba mtu wake akipata kiti, umeme hautakatika tena Katuba. Mwenzake anajibu kwamba wake ataitia lami avenyu yao mpaka mlangoni. Na hakosekani mama aliyekaa pembeni na beseni lake anayeuliza swali la haki kabisa: "Siye tutamuvotea lini?"

Jibu la swali hilo linawashangaza wengi: meya hapigiwi kura na raia moja kwa moja. Sheria ya Kongo imeweka ngazi kati ya kura yako na kiti chake. Na hata akishakaa juu ya kiti hicho, mengi anayoombwa hayamo mikononi mwake. Naona jinsi tunavyoumia kwa kutolijua hili. Tunamdai mtu kitu asichokuwa nacho, na yule aliye nacho anapita barabarani bila kuulizwa lolote.

Tuanze na maneno yenyewe. Katiba ya 18 Februari 2006 inataja vyombo vinne vya chini ya jimbo vyenye haki ya kujiendesha: mji, komini, na huko vijijini sekta na shefferi, yaani eneo la chifu. Kujiendesha maana yake ni kuwa na baraza lake, mapato yake, wafanyakazi wake na bajeti yake. Lubumbashi ni mji, na ndani yake kuna komini saba: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Wazee waliokua wakati wa Mobutu bado huziita zone, na mkuu wake humwita komisere. Siku hizi mkuu wa komini ni burgumestri. Meya ni mkuu wa mji mzima, juu ya hizo komini saba. Chini ya komini kuna kartie, yaani mitaa, lakini kartie haina baraza wala bajeti ya kujitegemea, na sefu, yaani mkuu, wa kartie hachaguliwi na wakazi. Ni mfanyakazi wa utawala. Kwa hiyo mtu anayemlaumu sefu wa kartie kwamba hakujenga daraja, anamlaumu mtu ambaye hajawahi kupewa pesa ya daraja.

Sasa kura. Tarehe 20 Desemba 2023 mpiga kura wa Lubumbashi alifanya chaguzi nne kwa siku moja: rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo, na mshauri wa baraza la komini. Hiyo ya nne ilikuwa jambo jipya. Tangu katiba ya 2006 chaguzi za mitaa zilikuwa zinaahirishwa tu. 2006, 2011 na 2018 zilipita bila hizo. Na hata 2023 zilifanyika tu katika komini za miji mikuu ya majimbo. Nadhani wengi wetu tulipofika kwenye kura hiyo ya nne tulikuwa tumechoka na foleni, tukabonyeza sura tuliyoizoea, au chama, au jina la ukoo, tukaenda zetu.

Kumbe hiyo ndiyo kura ya meya. Sheria ya 7 Oktoba 2008 juu ya vyombo hivi imepanga hivi: raia wanachagua washauri wa komini. Washauri hao wanamchagua burgumestri wa komini yao na naibu wake. Washauri hao hao pia wanachagua washauri wa mji, wale wanaounda baraza la mji. Kisha baraza la mji ndilo linalomchagua meya na naibu meya, ambao wanaweza kutoka ndani ya baraza au nje yake. Meya akishachaguliwa anaunda timu ndogo ya watu watano: yeye, naibu wake, na wasaidizi watatu wanaoitwa eshevini. Pale ambapo ngazi hizi hazijakamilika, kiti cha meya na viti vya maburgumestri vinakaliwa na watu walioteuliwa kutoka Kinshasa. Na ndivyo ilivyoendelea kuwa kwa muda mrefu hata baada ya 2023, kwa sababu ngazi za juu ziliahirishwa mara kwa mara.

Tofauti kati ya hali hizo mbili ni kubwa. Meya aliyeteuliwa anaangalia juu, kwa aliyemteua, kwa sababu huko ndiko kazi yake inakotoka na huko ndiko inakoweza kukatwa. Aliyechaguliwa na baraza analazimika kuleta programu yake mbele ya baraza, kueleza matumizi, na baraza linaweza kumwangusha. Ila kuna hatari ambayo lazima isemwe wazi. Kampeni ya kiti hiki haitafanyika uwanjani. Itafanyika sebuleni, hotelini, kati ya watu wachache wenye kura mkononi. Malalamiko ya kura kununuliwa katika uchaguzi wa magavana na maseneta, ambao nao huchaguliwa na wachache kwa niaba ya wengi, tumeyasikia vya kutosha. Mwenye kuweza kupunguza hatari hiyo ni raia wa komini anayemjua mshauri wake kwa jina na anayemuuliza mapema: utampa nani kura yako, na kwa sababu gani?

Na tusidhani ngazi ya mitaa ni mchezo mdogo. Mji huu una kumbukumbu yake. Mwaka 1957, kabla ya uhuru, wakoloni waliruhusu Waafrika wachague mabaraza ya komini katika miji mitatu: Léopoldville, Jadotville ambayo leo ni Likasi, na Élisabethville, yaani hapa. Walioibuka washindi Élisabethville wengi walikuwa watu ambao asili yao ilikuwa nje ya Katanga. Hasira iliyofuata ilichangia kuundwa kwa chama cha CONAKAT mwaka 1958, na kilichokuja baadaye, yaani Katanga kujitenga na Kongo mwaka 1960, kila mtu wa Katanga amekisikia nyumbani kwao. Ninalitaja hilo kwa sababu katika kampeni za leo swali la kwanza mara nyingi bado ni "huyu ni wa wapi?" Swali hilo limeshatuumiza. Uchafu uliojaa kwenye kanivo, yaani mfereji wa kando ya barabara, hauulizi kabila la mtu aliye kando yake.

Wenzetu wa mashariki wana mtihani mwingine. Sheria ni hiyo hiyo, lakini Goma iliwekwa chini ya utawala wa dharura tangu Mei 2021, viongozi wa kiraia wakaondolewa na nafasi zao zikachukuliwa na wanajeshi na mapolisi. Mwanzoni mwa 2025 Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, ambao wameweka viongozi wao wenyewe. Mkazi wa Kadutu au Ibanda, komini za Bukavu, aliyemchagua mshauri wake Desemba 2023 ameona kura yake ikining'inia hewani. Sisi wa Lubumbashi tuna nafasi ambayo wao kwa sasa hawana, na ni vibaya kuichezea.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Fikiria parseli, yaani kiwanja chenye nyumba za kupangisha, pale komini ya Kenya: nyumba nne, bomba moja, choo kimoja, njia moja ya kutokea. Mwenye parseli anaishi mbali, hajaonekana miaka. Mtoto wake mkubwa anapita kila mwezi kuchukua pesa. Kati ya wapangaji kuna mmoja aliyepewa kazi ya kuangalia parseli. Bomba likipasuka, wote wanamfokea huyo mwangalizi, maana ndiye aliye karibu. Lakini bomba ni la mwenye parseli, na pesa amechukua mtoto. Mwangalizi ana uwezo wa kupanga zamu ya kufagia, kuzibua mfereji, kumkataza mtu asijenge kibanda njiani, na kupiga simu kila siku mpaka mwenye parseli achoke kumsikia. Mwenye parseli ndiye serikali ya Kinshasa, mtoto ni jimbo, na mwangalizi ndiye meya.

Chukua barabara. Barabara kuu namba moja inayotoka mjini kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni ya taifa, na inaangaliwa na Office des Routes. Barabara za ndani ya mji zina idara nyingine ya taifa, OVD, yenye mashine na mainjinia. Sheria ya 2008 inaupa mji mamlaka juu ya barabara zenye manufaa kwa mji mzima, na komini juu ya njia zake ndogo. Kwa hiyo mashimo matatu katika safari moja ya taksibasi yanaweza kuwa na wenyewe watatu. Mtu akiahidi lami, muulize kwanza ni barabara ipi, kisha muulize greda itatoka kwa nani.

Chukua umeme. SNEL ni kampuni ya umeme ya taifa. Umeme wa Katanga unatoka kwenye mabwawa ya Nseke na Nzilo kwenye mto Lualaba, mengine ya Lufira, na kwa ule waya mrefu unaotoka bwawa la Inga, magharibi ya nchi, mpaka Kolwezi. Hakuna meya anayefungua wala kufunga waya huo. Kilicho chake ni taa za barabarani. Si jambo dogo: mama anayefunga meza yake sokoni saa moja usiku anajua tofauti ya avenyu yenye taa na isiyo nayo. Lakini anayeahidi kwamba umeme hautakatika, anaahidi kitu cha nyumba ya mwingine. Maji ya Regideso, kampuni ya maji ya taifa, yana hali inayokaribia hiyo, ingawa sheria ya maji ya 2015 imefungua mlango kwa majimbo na vyombo vya chini kushiriki zaidi katika huduma hiyo.

Usalama nao. Polisi ni ya taifa. Meya anawakilisha serikali mjini na anaweza kuomba polisi watumwe mahali, lakini si yeye anayewalipa mishahara wala kuwaandika kazini. Vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa ni kazi ya burgumestri, ndiye ofisa wa hali ya kiraia, na hapo kwa kweli mtu hana haja ya kumsumbua meya.

Basi kipi kinabaki? Kinabaki kingi. Masoko makubwa ya mji, maegesho na vituo vya magari, taka, makaburi, bustani na viwanja vya wazi, kanivo na mifereji mikubwa ya mvua, taa. Na juu ya yote hayo, mjadala juu ya plani ya mji. Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo matatizo yetu mengi yanapozaliwa na ndipo kampeni zinapokuwa na maneno machache zaidi.

Plani ya mji ni ramani yenye nguvu ya sheria inayosema hapa patakuwa makazi, hapa viwanda, hapa barabara ya upana huu, hapa maji yatapita, hapa hapajengwi. Kwa miongo mingi msingi wa sheria yetu ya mipango miji umekuwa dekreti ya 20 Juni 1957. Mji wenyewe ulianza mwaka 1910 kwa kuchorwa: njia zilizonyooka, zinazokatana kama miraba, ndiyo maana katikati ya mji ni vigumu kupotea. Ulichorwa kwa ubaguzi pia. Kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika, yale ambayo leo ni Kamalondo, paliachwa ukanda mtupu wa kuwatenganisha. Ubaguzi ule haustahili kutetewa kwa neno lolote. Lakini katika kazi ya kuchora kulikuwa na utaratibu mmoja ambao ni wa kawaida popote duniani: njia na mifereji inatangulia, parseli zinafuata.

Siku hizi utaratibu umegeuka. Tazama Annexe, komini inayozizunguka nyingine sita. Huko ndiko mji unakokua. Mtu ananunua kipande kwenye shamba lililokatwa, anamlipa aliyejiita mwenye ardhi, anajenga chumba kimoja na ukuta. Jirani anafuata. Baada ya miaka michache nyumba zimejaa, na hapo ndipo watu wanaanza kutafuta barabara ipite wapi na maji yaende wapi. Kila mahali pameshakuwa ni pa mtu. Mfereji ambao ungechorwa kwa kamba na vigingi sasa unadai kubomoa nyumba na kulipa fidia, na hakuna bajeti ya mtu inayotosha.

Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, lakini ardhi yake kwa sehemu kubwa ni tambarare. Hatuna milima ya Bukavu ambako maji yanaporomoka na udongo na nyumba. Hapa maji yanasitasita. Mfereji wenye mteremko mdogo unahitaji kuwa mpana, mnyoofu na safi, la sivyo chupa za plastiki za wiki moja zinatosha kuuziba. Mvua inaanza karibu na Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Ndiyo maana kila mwaka kilio ni kile kile, katika kartie zile zile. Salongo ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya usafi, inasaidia kutoa taka, na nawaheshimu wanaotoka na majembe yao. Ila salongo haiwezi kuufungua mfereji uliojengewa ukuta wa nyumba juu yake.

Hapo watu husema: basi meya awanyang'anye parseli waliojenga vibaya, na awape watu wengine mahali pazuri. Hili nalo lina mafundo yake. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya serikali peke yake. Raia hapati ardhi yenyewe, anapata haki ya kuitumia, na hati inayotambulika ni cheti cha usajili kinachotolewa na konsavateri wa hati za ardhi. Konsavateri yuko chini ya wizara ya ardhi, na hapokei amri kwa meya. Karatasi ya sefu wa kartie, au ya chifu wa kimila, au risiti yenye mhuri wa komini, hazigeuki kuwa cheti hicho hata zikijaa sanduku. Kuhusu ardhi za kimila, sheria ile ile ya 1973 iliahidi katika kifungu cha 389 kwamba amri ya rais itapanga haki za jamii zinazoishi hapo. Kwa miongo mingi amri hiyo haikutolewa. Pengo hilo ndilo linalomfanya chifu wa pembeni ya mji auze akiamini ni haki yake, mnunuzi anunue akiamini amekuwa mwenyewe, na miaka kumi baadaye mtu wa tatu atokee na cheti.

Kwa hiyo mgombea anayeahidi parseli anaahidi kitu cha konsavateri. Lakini meya na baraza wanaweza kufanya jambo ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko lami: kuzitetea nafasi za wote kabla hazijaliwa. Njia za baadaye za Annexe zinaweza kupimwa na kuwekewa vigingi leo, wakati bado ni majani. Kingo za mto Lubumbashi, Kafubu, Naviundu na vijito vyao zinaweza kutangazwa kuwa hazijengwi, na tangazo likasomwa kanisani na sokoni kwa lugha tunayoielewa. Kiwanja cha wazi kikianza kuzungushiwa ukuta usiku, meya anaweza kwenda hapo asubuhi na kuuliza hati. Kazi hizo zinahitaji ujasiri na kalamu, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kilomita moja ya lami.

Kuna pia mipaka ambayo hata meya jasiri ataigonga. Vibali vya migodi vinatoka Kinshasa. Novemba 2025, maji ya bwawa la taka za kiwanda cha madini yalipomwagika na kuingia mitaani kwetu, aliyesimamisha kazi ya kampuni alikuwa waziri wa madini. Mji ulibaki kuhesabu hasara na kupiga kelele. Kelele nayo ni kazi. Lakini tujue ni nani mwenye ufunguo wa geti la kiwanda.

Sasa pesa, maana hakuna ahadi bila pesa. Utasikia mambo mawili yanayopingana: "mji hauna kitu, vyote viko Kinshasa," na "mji una pesa nyingi, wanazila." Kila moja ina kipande cha ukweli.

Katiba, kifungu cha 175, inayapa majimbo 40% ya mapato ya taifa, nayo yanatakiwa yabakizwe pale pale yanapokusanywa. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba katika fungu hilo la jimbo, 40% ni ya miji, komini, sekta na shefferi. Piga hesabu kwa franga 100: 40 ni za jimbo, na ndani ya hizo 40, franga 16 ni za vyombo vya chini vyote kwa pamoja, zikigawanywa kwa kuangalia uzalishaji, ukubwa wa eneo na idadi ya watu. Hiyo ndiyo sheria. Kwa vitendo pesa inapanda Kinshasa kwanza, kisha kipande kinateremshwa, na kuteremka huko ndiko kunakoitwa retrosesioni. Kinateremka kwa kuchelewa, kikiwa pungufu, na jimbo nalo likiwa limekishika katikati. Anayesema mji umenyimwa chake hasemi uongo.

Lakini Katanga ina mlango mwingine ambao miji mingi ya Kongo haina. Sheria mpya ya migodi ya 9 Machi 2018 inazitoza kampuni mrabaha: 3.5% kwa shaba, na 10% kwa madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati, kobalti ikiwa mojawapo. Mrabaha huo unagawanywa hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% chombo cha chini ambako uchimbaji unafanyika, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Hizo 15% zinatakiwa zifike kwa chombo chenyewe bila kupitia mzunguko wa retrosesioni. Hapa inazuka kesi: mji ni chombo cha chini, komini nayo ni chombo cha chini. Mgodi ukiwa ndani ya komini iliyo ndani ya mji, nani apokee? Hilo si swali la wanasheria peke yao. Mkazi wa komini yenye mgodi ana haki ya kuuliza kila mwaka kiasi gani kiliingia, kwenye akaunti ipi, kikafanya nini.

Kisha kuna ile pesa ndogo inayotoka mfukoni mwa kila mtu: kodi ya kila siku ya meza sokoni, maegesho, karatasi za komini. Kodi ya nyumba, ya pango na ya magari ni za jimbo. Mji unaweza kuonekana unazikusanya, lakini hazibaki kwake. Mama wa soko analipa meza yake kila siku Mungu anayoileta. Akiona soko halina choo wala paa, haki yake ya kuuliza ni kubwa kuliko ya mtu yeyote, na wa kumuuliza yuko karibu.

Jambo la mwisho juu ya pesa. Bajeti ya mji inaingizwa ndani ya bajeti ya jimbo, na gavana ana mamlaka ya kusimamia maamuzi ya mji, kuyapitisha au kuyarudisha. Meya asiyepatana na gavana anaweza kukaa mwaka mzima na karatasi nzuri ambazo hazitembei. Hii ndiyo sababu wengine wanataka meya awe wa chama cha gavana. Naielewa hoja hiyo, lakini siikubali yote. Meya ambaye kazi yake ni kumfurahisha gavana hatamwambia kwamba 40% haijafika.

Ukikutana na mshauri wako wa komini, au na mtu anayetaka kiti cha meya akipita kartie kwenu na fulana na ngoma, usimuulize atakupa nini. Muulize mambo yanayomhusu. Taka za soko la kwenu zitaenda kumwagwa wapi, na nani amekubali zimwagwe hapo? Mifereji mingapi atazibua kabla ya Novemba, na ni ipi? Mrabaha wa madini wa mwaka jana ulikuwa kiasi gani? Njia kuu za Annexe zitapita wapi, na je, amewahi kuiona ramani? Kwa yale ya Kinshasa, muulize barua ataiandika kwa nani na ataileta nakala lini. Mtu aliyejiandaa atajibu mawili au matatu bila kutazama saa. Asiyejiandaa atarudi kwenye umeme na lami.

Vikao vya baraza la komini viko wazi kwa raia, isipokuwa vile vinavyofungwa kwa sababu maalumu. Bajeti ya mwaka unaofuata inajadiliwa kabla ya mwaka kwisha, wakati mvua zimeshaanza na kanivo zimeshaonyesha mahali zilipoziba. Mtu akienda ofisi ya komini na kuuliza siku ya kikao hicho, akaenda na majirani wawili na picha za mfereji wao kwenye simu, mshauri atakayepiga kura ya meya atakuwa amekaa mbele yake.